Nani Atasema Marehemu Akinyamaza? Historia Fupi ya Wosia Nchini Uganda

Ndugu msomaji, yapo maneno matatu ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili hapa Kyambogo huyakuta mapema katika masomo yake: wosia, mirathi na mrithi. Yote matatu yana asili ya Kiarabu, na yote yaliingia katika lugha yetu kupitia pwani pamoja na sheria ya Kiislamu, ambayo kwa karne nyingi imempangia kila jamaa wa marehemu fungu lake, ikamwachia mwenye mali uhuru wa kuusia theluthi moja tu, tena kwa mtu asiye mrithi wake. Kiganda nacho kina maneno yake, yaliyokuwapo kabla ya karatasi na wino kufika katika nchi hii: ekiraamo ni wosia, na musika ni mrithi.

Nimeanza na maneno kwa sababu mawazo mawili yamewazuia watu wengi wa mtaa wetu, kuanzia Banda na Ntinda hadi Kireka, wasiandike wosia. La kwanza ni kwamba wosia ni desturi ya kigeni, jambo la Wazungu na matajiri. La pili ni kwamba kuandika wosia ni uchuro, yaani kujiitia kifo. Wazo la kwanza linakanushwa na historia, na wazo la pili linakanushwa na yale yaliyowapata wajane na mayatima waliobaki bila karatasi. Naomba tuifuate historia hiyo hatua kwa hatua, kisha tuone inatudai nini sisi raia wa leo.

Kabla ya karatasi

Katika Buganda ya kale, mtu mzima hakufa bila kuacha neno. Aliyehisi kwamba siku zake zimekaribia aliwaita jamaa na kuwaambia ni mtoto gani angependa awe musika wake, ni nani anamdai na ni nani anadaiwa. Neno hilo lilisikiwa na watu kadhaa, nao wakawa mashahidi wake. Baada ya maziko, ukoo ulikutana katika sherehe ya kumaliza matanga, iitwayo okwabya olumbe, na hapo musika akatambulishwa mbele ya watu wote. Alivikwa vazi la gome la mti, akakabidhiwa alama za mamlaka ya marehemu, na ikiwa alikuwa mtoto mdogo, alipewa mtu mzima wa kumlea na kumwongoza, aitwaye omukuza.

Tafadhali zingatia mambo mawili hapa. Kwanza, kauli ya marehemu ilikuwa na uzito, lakini haikuwa ya mwisho, kwa kuwa ukoo ungeweza kumkataa aliyetajwa. Pili, musika hakurithi mali tu. Alirithi jina, nafasi na wajibu wa marehemu, akawa baba wa watoto wale na msemaji wa nyumba ile. Tena haikuwa lazima awe mtoto wa kwanza. Katika ukoo wa kifalme, mwana wa kwanza wa Kabaka, mwenye cheo cha Kiweewa, hakuruhusiwa kabisa kurithi kiti cha enzi.

Utaratibu huu ulifaa kwa sababu mali yenyewe ilikuwa ya namna yake. Ardhi ya butaka ilikuwa ya ukoo, na makaburi ya wahenga ndiyo yaliyokuwa hati yake. Ardhi iliyoambatana na cheo ilitoka kwa Kabaka, na mwenye cheo alipoondolewa, ardhi nayo ilimwendea aliyeshika nafasi yake. Mtu mmoja hakuwa na shamba ambalo angeweza kusema, "Hili ni langu peke yangu, nalimpa nimtakaye."

Maili na karatasi

Hali hiyo ilibadilika tarehe 10 Machi 1900, ulipotiwa saini Mkataba wa Buganda. Upande wa Uingereza alikuwapo Sir Harry Johnston. Upande wa Buganda, kwa kuwa Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto, walikuwapo watawala waliosimama kwa niaba yake: Apolo Kaggwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Mkataba uliikadiria Buganda kuwa na maili za mraba 19,600. Kati ya hizo, maili 8,000 zilitengewa machifu na watu mashuhuri wapatao 1,000, na Kabaka akatengewa 350. Kwa kuwa vipimo vilikuwa vya maili, ardhi hiyo ikaitwa mailo mpaka leo.

Hapo ndipo alipozaliwa mmiliki wa ardhi wa namna mpya. Alikuwa na eneo lenye mipaka na hati yenye jina lake. Sheria ya Buganda ya mwaka 1908 kuhusu kumiliki ardhi ilimtambua kuwa mtu awezaye kuuza, kutoa na hata kuusia ardhi yake. Ukoo uliokuwa umezoea kuketi na kuamua ulijikuta mbele ya karatasi iliyoandikwa na mtu mmoja, yenye nguvu kuliko baraza la wazee. Baadhi ya makaburi ya wahenga yaliangukia ndani ya mashamba ya watu wasio wa ukoo ule, na manung'uniko ya watu wa butaka yaliendelea kwa miongo mingi.

Kwa hiyo, msomaji wangu, wosia wa maandishi haukuletwa kwetu na matajiri wa siku hizi. Ulifuata mali ya mtu binafsi. Palipo na kitu cha mtu mmoja, lazima liulizwe swali la nani atakichukua mtu huyo asipokuwapo. Leo swali hilo halimhusu chifu mwenye maili ya mraba peke yake. Linamhusu pia mwenye kibanja, ambacho Sheria ya Ardhi ya 1998 inakubali kirithiwe. Linamhusu mwenye kibanda sokoni, mwenye bodaboda, mwenye akaunti ya benki, mwenye hisa katika chama cha akiba na mwenye fedha ndani ya simu.

Sheria iliyowafungia mlango wenyeji

Mwaka 1906 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Mirathi. Haikutungwa hapa kwa kuitazama hali ya hapa. Mfano wake ulikuwa Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, nayo ilijengwa juu ya fikra za sheria ya Kiingereza. Ndiyo iliyoweka kanuni ambazo tungali nazo: wosia uandikwe, mwenye wosia atie saini au alama yake, na mashahidi wasiopungua wawili washuhudie.

Lakini wenyeji wa Uganda hawakuwekwa chini yake. Mirathi ya Mwafrika iliachiwa mila ya kabila lake, na kwa miaka mingi nchi moja ikawa na milango miwili, mmoja wa Mzungu na Mhindi, mwingine wa Mwafrika. Wapo waliouona mpangilio huo kuwa heshima kwa mila zetu. Hata hivyo, ulikuwa na gharama. Mwalimu, karani au mfanyabiashara wa Kiafrika aliyenunua kiwanja kwa mshahara wake alipofariki, mali yake iliamuliwa kana kwamba ni mifugo ya ukoo, na mkewe aliyesaidia kuichuma hakuwa na fungu linalojulikana kisheria.

Asilimia za mwaka 1972

Mlango ulifunguliwa katika mwaka ambao watu wengi huukumbuka kwa jambo jingine. Mwaka 1972, serikali ya Idi Amin, iliyokuwa ikitawala kwa amri bila Bunge, ilitoa amri ya kurekebisha Sheria ya Mirathi. Kwa amri hiyo mirathi ya Waganda wote, wa kila kabila, iliwekewa mgawo mmoja pale mwanamume alipofariki bila wosia. Watoto na vizazi vyao walipata asilimia 75, wajane asilimia 15, ndugu wengine waliomtegemea marehemu asilimia 9, na mrithi wa kimila asilimia 1.

Itazame hiyo asilimia moja. Sheria haikumfukuza musika, ila ilimwambia kwamba heshima yake ni ya jina na nafasi, si ya mali yote. Ni zaidi ya miaka hamsini sasa tangu sheria iseme hivyo, lakini bado tunasikia katika matanga kijana aliyevishwa gome la mti akitangaza kwamba nyumba, shamba na gari ni vyake. Sivyo. Kuwa musika hakumfanyi mtu awe mwenye mali, wala hakumfanyi awe msimamizi wa mirathi. Usimamizi hutolewa na mahakama, na anayegusa mali ya marehemu bila idhini halali anavunja sheria.

Mgawo ule ulikuwa na kasoro zake pia. Chukua mfano wa mali yenye thamani ya shilingi milioni 100. Mjane mmoja alipata milioni 15. Wakiwa wajane wanne, walizigawana milioni hizo hizo 15, kila mmoja akapata chini ya milioni 4, hata kama mmoja wao ndiye aliyelima shamba lile kwa miaka thelathini. Haki ya mjane ya kukaa katika nyumba ya familia ilikoma akiolewa tena. Baba aliweza kuteua mlezi wa watoto kwa wosia, mama hakuweza. Na kubwa kuliko yote, mgawo huo ulimhusu mwanamume aliyekufa. Mwanamke mwenye mali akifa bila wosia, kifungu kile hakikumtaja, kana kwamba haikufikiriwa kwamba mwanamke aweza kuwa na mali ya kuacha.

Katiba na hukumu ya 2007

Katiba ya mwaka 1995 iliahidi usawa wa wanaume na wanawake, ikaliagiza Bunge litunge sheria za kulinda haki ya wajane, wa kike na wa kiume, ya kurithi mali za wenzi wao na kuwa na mamlaka juu ya watoto wao. Miaka ilipita bila Bunge kutekeleza agizo hilo. Wakati huohuo ukimwi ulikuwa ukiacha wajane na mayatima katika kila kijiji, na wengi wao walifukuzwa na jamaa wa marehemu kabla hata udongo wa kaburi haujakauka. Mashirika kama FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake kilichoanzishwa mwaka 1974, yalifundisha watu kuandika wosia kwa sababu yaliuona msiba huo kwa macho.

Hatimaye shirika la Law and Advocacy for Women in Uganda lilifika mbele ya Mahakama ya Katiba, na mwezi Aprili 2007 mahakama ikatamka kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Mirathi vinapingana na Katiba. Miongoni mwa vilivyoanguka ni kile cha mgawo wa mali ya mwanamume peke yake, kile cha baba kuteua mlezi peke yake, na ile kanuni ya kumnyima makazi mjane aliyeolewa tena. Ulikuwa ushindi mkubwa. Hata hivyo, mahakama huweza kubomoa sheria mbaya lakini haina kazi ya kutunga mpya. Kazi hiyo ni ya Bunge, na Bunge lilichelewa mpaka mwaka 2022.

Pengo la miaka kumi na mitano

Hebu fikiri, msomaji, maana ya jambo hilo. Kati ya 2007 na 2022, mtu aliyefariki bila wosia aliiacha familia yake katika nchi ambayo mgawo wake wa zamani ulikuwa umebatilishwa na mpya haujatungwa. Mtoto aliyezaliwa siku ya hukumu alikuwa amefika shule ya sekondari sheria mpya ilipoanza kufanya kazi. Aliyekuwa ameandika wosia hakulihitaji Bunge. Neno lake lilitosha, mradi limeandikwa na kushuhudiwa ipasavyo. Kwa maoni yangu hili ndilo funzo kubwa zaidi katika historia yote hii. Sheria ya nchi huenda kwa mwendo wake, lakini raia amepewa chombo ambacho hahitaji kumsubiri mbunge ili akitumie.

Marekebisho ya 2022 yameziba pengo hilo kwa namna nzuri. Sasa mgawo unamhusu kila anayefariki bila wosia, mwanamume au mwanamke. Akiacha mwenzi, watoto, wategemezi na mrithi wa kimila, mwenzi hupata asilimia 20, watoto na vizazi vyao asilimia 75, wategemezi asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia ileile 1. Nyumba ya familia hulindwa kwa ajili ya mwenzi na watoto, na kuwafukuza humo ni kosa la jinai. Watoto wote ni sawa, wawe wamezaliwa ndani ya ndoa au nje yake.

Lakini soma vizuri: mwenzi. Sheria inamaanisha mtu aliyefunga ndoa inayotambuliwa, iwe ya serikali, ya dini au ya mila. Wapo wengi katika vyumba vyetu vya kupanga walioishi pamoja miaka kumi au ishirini bila ndoa yoyote, wakaitana mume na mke na majirani wakawaita hivyo. Mmoja akifariki, aliyebaki hana fungu la mjane. Kwa watu hawa wosia si pambo. Ndiyo njia iliyo wazi kuliko zote ya kuhakikisha kwamba mwenzao halali nje usiku wa matanga.

Majirani walijifunza nini

Jirani zetu wa Kenya walipata somo lao mwishoni mwa mwaka 1986, alipofariki wakili mashuhuri S. M. Otieno jijini Nairobi. Mkewe, Wambui Otieno, alisema marehemu alitaka azikwe karibu na Nairobi. Ukoo wake wa Umira Kager ulisema Mjaluo huzikwa kwao. Mwili ulikaa miezi mitano huku mashahidi wakipingana juu ya maneno aliyoyasema alipokuwa hai, na mwezi Mei 1987 ukoo ukashinda, akazikwa Siaya. Kesi ile ilihusu mwili, si mali, lakini ilionyesha jinsi neno la mdomo linavyoyeyuka msemaji wake asipokuwapo, hata kama msemaji huyo alikuwa bingwa wa sheria.

Kule Tanzania, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Jamaa yake alidai kwamba kwa mila mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji alisema mila hiyo inapingana na haki ya usawa iliyomo katika katiba ya nchi, na mauzo yakasimama. Baba yule alikuwa amemtaja binti yake katika wosia. Bila hilo, binti asingekuwa na shamba la kubishania.

Basi, ufanye nini?

Kwa sheria ya Uganda, mtu yeyote aliyefikisha miaka 18 na mwenye akili timamu anaweza kuandika wosia. Si lazima uandikwe na wakili, ingawa wakili husaidia pale mali ilipo nyingi au familia ilipo na mvutano. Andika kwa lugha unayoielewa vizuri. Taja jina lako kamili na tarehe. Orodhesha mali yako moja baada ya nyingine, pamoja na madeni yako na wanaokudai. Mtaje kila mrithi na anachopata. Mteue msimamizi wa wosia unayemwamini, na mlezi wa watoto walio wadogo. Tia saini mbele ya mashahidi wawili, nao watie saini mbele yako. Ni busara kutia saini katika kila ukurasa, ili asiwepo wa kuchomoa mmoja na kuingiza mwingine.

Jihadhari na makosa yanayojirudia. Usimfanye shahidi mtu unayemwachia kitu, wala mume au mke wake, kwa kuwa zawadi hiyo itabatilika. Usiusie usichomiliki. Kama una kibanja, sema kibanja, usiandike kana kwamba una hati ya mailo. Kumbuka kwamba ukifunga ndoa baada ya kuandika wosia, wosia ule hufutika, na itakubidi uandike mwingine. Tena usidhani kwamba wosia unakuruhusu kuwatupa wanaokutegemea. Ukiwaacha bila riziki ya kutosha, mahakama inaweza kuwapa fungu kutoka katika mali uliyoacha.

Kisha uhifadhi mahali salama, kwa wakili, benki, kwa kiongozi wa dini yako au kwa Kabidhi Wasii Mkuu wa serikali, na umwambie angalau mtu mmoja mwaminifu ulipo. Wosia uliofichwa vizuri mno ni sawa na usioandikwa. Ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu ndiyo pia mahali pa kuanzia kwa familia ya aliyefariki bila wosia, kabla ya kwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. Msimpe ndugu yeyote hati za ardhi kabla ya hatua hiyo.

Wapo watakaosema kwamba haya yataleta ugomvi ndani ya nyumba. Ugomvi huja mtu akiwa ameondoka bila kusema, na wahenga walituambia kwamba ndugu wakigombana tuchukue jembe tukalime, wakipatana tuchukue kapu tukavune. Lakini kuna ugomvi wa mirathi usiokwisha hata mavuno matatu yakipita, ukamaliza shamba lenyewe kwa gharama za kesi. Wazee wa Buganda waliolala juu ya mikeka yao wakiwaita jamaa na kutaja musika hawakuwa wakijiitia kifo. Walikuwa wakitimiza wajibu wao wa mwisho kwa walio hai.

Wao walitegemea masikio ya ukoo uliokaa kijiji kimoja. Sisi watoto wetu wako Mbarara, Juba, Dubai na London, na jirani zetu hatujui wamezaliwa wapi. Hakuna tena baraza linalokumbuka kila neno letu. Kwa hiyo kaa jioni moja wiki hii na karatasi mbili na kalamu. Anza na orodha ya ulichonacho, hata kama ni kitanda, baiskeli na akiba ndogo ya chama, kisha andika mbele ya kila kimoja jina la mtu. Tafuta mashahidi wawili wasio na fungu humo. Kazi hiyo haichukui hata saa moja.